Kitambaa Hutazamwa Mlangoni

Mzee Salmin, fundi cherehani jirani yangu hapa Bondeni, Nakuru, hachagui uzi ndani ya duka. Atakutoa juani na kitambaa chako hata ukiwa na haraka, kisha akupe somo ambalo hukuliomba.

"Mwanga wa jua umebeba rangi zote," husema. "Kitambaa inameza zingine, inarudisha zingine. Hiyo inarudisha ndiyo unaona. Sasa hii taa yangu ya njano iko na bluu kidogo sana. Kitambaa itarudisha nini na haijapewa?"

Mimi nauza vifungo mlango wa pili na somo hilo limenichosha. Lakini kwa miaka thelathini na moja alikuwa hajakosea rangi, na sifa hiyo ndiyo iliyomlisha. Hata mkewe, Kadija, anayetoboa matundu ya vifungo, alikuwa haruhusiwi kugusa sanduku la uzi.

Alhamisi moja mwezi uliopita, Nasimiyu wa kwaya alikuja kuchukua koti lake la bluu iliyokolea, lililorefushwa mikono. Akalivaa, akatazama.

"Mzee, hapa mwisho wa mikono umeniwekea uzi mweusi."

"Ni bluu, mama. Hiyo ni taa inakudanganya. Toka nje."

Wakatoka. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Salmin akaushika mkono wa koti, akaridhika. "Si unaona? Ni rangi moja."

Nasimiyu akanigeukia mimi. Nilitamani sana kudanganya.

"Ni nyeusi, Mzee," nikasema.

Akalisogeza koti karibu na uso, akafumba jicho moja, kisha la pili. Akalitazama jua lilivyojaa barabarani, halina kasoro. Akakaa kwenye ngazi taratibu.

"Basi mwanga umefika vizuri," akasema. "Ni macho yangu yamemeza bluu."

Nilimwonea huruma, mimi niliyekuwa nimechoshwa na somo lake.

Mikono ilifumuliwa na kushonwa upya, na Jumapili Nasimiyu akaimba amevaa koti lake. Daktari alimwambia Salmin kwamba lenzi za macho yake zimeingia ukungu wa manjano wa uzee, yaani mtoto wa jicho, na akampa tarehe ya upasuaji.

Siku hizi bado anawatoa wateja juani. Somo ni lile lile, halijapungua neno. Akimaliza, anamkabidhi Kadija kitambaa na sanduku la uzi, anageuza uso pembeni.

"Imerudisha nini?" anauliza.

Kadija hana haraka. Analinganisha nyuzi tatu, nne, na Mzee Salmin anangoja kuambiwa.