Siku Niliyofunga Histone Nane kwa Triko ya Mama Mukwe

Niseme tu bila kuzunguka: mugongo wangu umeonwa na prefe, mukubwa wa shule, na inspekta na mama mukwe wangu, wote kwa wakati mumoja, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Mucheke kwanza, halafu munisikilize.

Nilikuwa prof wa biolojia kwenye sekondari moja huku Katoyi. Volkano ilikuwa imekula picha zetu zote za kufundishia, kisha waasi wa rebellion wakafunga barabara, tukabaki na tablo, chaki na midomo yetu. Sasa shule ilikuwa inafunguliwa tena baada ya miezi ya risasi, wazazi wakaalikwa, na inspekta akaja kuona kama mimi nafaa kubaki kazini. Kati ya wazazi alikuwa Mama Furaha, mama wa muchumba wangu, aliyekimbia vita vya Masisi akawa anaishi kambini Mugunga, anafuma triko, zile sweta za uzi. Alikuwa amenifumia moja ya kijani (ndiyo ilikuwa njia yake ya kuniambia, bila kusema, kwamba mutoto wake ananipa). Ningeacha kuivaa siku hiyo?

Somo lilikuwa histone. Nikawaambia wanafunzi: ndani ya seli yako moja tu kuna ADN, ile wengine wanaita DNA, uzi ambao ukinyooshwa unafika karibu metre mbili, na chumba unachokaa ni kidogo mpaka jicho halikioni, sasa unaeneaje? Ni histone! Protini nane zinashikamana, uzi unazizunguka karibu mara mbili, unaenda kwa nane zingine, hivyo hivyo, mpaka wote unakunjika. Nikatafuta uzi niwaonyeshe. Nilikuwa nimeusahau kitandani.

Hapo ndipo nikaona kwenye pindo la triko yangu kauzi kananing'inia. Nikajisemea, kidogo tu.

Nikaita wanafunzi nane, nikawabananisha bega kwa bega, nikaanza kuwazunguka. Mara moja, mara mbili, na utamu wa kufundisha ukanipanda kichwani (inspekta alikuwa anatingisha kichwa kwa furaha!), nikaongeza ya tatu, ya kumi, bila kuona kwamba triko nayo inapanda, imeshafika mbavuni. Na ndani nilikuwa na shati yenye kola na kifua tu, kwa sababu mugongo wake nilikuwa nimeukata kutia kiraka kwenye suruali.

Halafu dunia ikatikisika. Kidogo, vile tumezoea, lakini baada ya ile volkano nani anangoja kuuliza? Darasa lote likatoka mbio. Wale nane nao wakatoka, furushi moja lenye miguu kumi na sita, wakapita mulangoni kiubavu-ubavu wakipiga kelele, na mimi nyuma yao, maana uzi haukukatika, Mama Furaha hafumi uzi wa mchezo. Tulipofika uwanjani mbele ya wazazi, triko ilikuwa imebaki kola na mikono miwili tu, na mugongo wangu wote uko nje.

"Prof! Iko nini hii?" prefe akauliza.

Inspekta akawageukia wale nane. "Na nyinyi ni nini?"

"Sisi ni histone, muzee," akajibu Espérance, musichana murefu asiyeogopa mutu. "Uzi ni ADN. Tunaukunja ili uenee ndani ya seli."

"Na seli ikitaka kuusoma?"

"Tunaulegeza pale inapotaka kusoma. Lakini leo hatuwezi, muzee, Prof ametufunga sana."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, inspekta akashika tumbo. Mimi nilikuwa natafuta ufa kwenye mawe ya volkano niingie. Mama Furaha akaja polepole, akafungua kitenge chake cha juu, akanifunika mugongo.

"Mukwe wangu," akasema huku anafuta machozi ya kucheka, "ulipashwa kuniomba uzi tu."

Kisha akaanza kuwafungua mumoja mumoja, anakunja uzi wake mukononi: "Simama vizuri, mutoto, usiukate." Inspekta akaandika kwenye karatasi yake: somo limeeleweka. Nikabaki kazini, na Furaha nikamuoa.

Lakini niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: mutu akisahau kifaa cha somo nyumbani, arudi akakichukue, hata inspekta angoje mpaka achoke.