Nyoya la Bustan

Amefariki yule bwana wa Sib, hapa Maskati, aliyekuwa akivua kwa manyoya. Habari ilinifikia asubuhi kwenye kundi letu la simu, katikati ya picha ya jodari wa mtu na tangazo la mashine mpya ya kuonyesha samaki walio chini ya boti. Sote tukaandika inna lillahi, tukanyamaza nusu saa kwa heshima, kisha mmoja wetu akauliza hiyo mashine inauzwa wapi. Marehemu asingeshangaa. Siku zote alituambia kuwa sisi si wavuvi, ni mafundi umeme tuliorowa.

Ujanani alipelekwa Marekani kusomea uhandisi wa maji, akarudi na shahada moja na ugonjwa mmoja. Kwenye mito ya baridi ya huko kuna samaki wa jamii ya trauti, anayekulia baharini na kurudi mtoni kuzaa. Wavuvi wa zamani humtafuta kwa nyoya lililofungwa kwenye ndoana: unalirusha kuvuka mto, unauacha mkondo ulizungushe taratibu hadi ukingoni, unashuka hatua mbili, unarudia. Unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu msimu mzima, na wenyewe wanasema huo ndio utamu wake. Baadaye vijana wakaja na kiboya na ushanga unaofanana na yai la samaki, wakawa wanawazoa. Bwana wetu akabaki upande wa wazee. Tatizo ni kwamba Maskati haina mto. Mabonde yetu hupata maji mvua ikinyesha, na siku hiyo kinachoelea ni magari. Basi akawa anasimama ufukweni Bustan, maji ya magoti, akirusha nyoya lake kwenye mkondo unaopita penye miamba, miaka nenda miaka rudi, bila kupata hata dagaa.

"Kiboya ni udanganyifu, yakhe," aliniambia siku moja.

"Na chambo?"

"Chambo ni rushwa. Mimi nnataka samaki aje kwa hiari yake."

Nilimcheka, lakini nani kati yetu hana nyoya lake? Shangazi yangu hataki kusikia habari za tui la kopo, lazima nazi ikunwe kwa mbuzi, na nazi yenyewe imekuja kwa ndege. Kila nyumba ya sisi wasema Kiswahili hapa inalinda asili fulani iliyofika ndani ya sanduku la safari, na inawadharau majirani wasioilinda.

Sasa niseme nililolificha. Jioni moja marehemu aliweka ufito wake wa kuvulia juu ya jiwe, akaenda msikitini kusali alasiri. Mimi nilikwisha sali mapema, na mkononi nilikuwa na ngisi wangu wa chambo. Nikachomeka kipande kidogo kwenye ndoana yake, chini ya manyoya. Nilitaka kumcheka tu, sina udhuru mwingine. Akarudi, miwani ameisahau garini, akarusha. Mshipi ukakazika kabla nyoya halijamaliza mzunguko. Alipomtoa samaki, kolekole mzima, alinipa mgongo, akainama, akahangaika na ndoana muda mrefu, kisha akatia nyoya mfukoni. Alipogeuka alikuwa analia.

"Umeona?" akaniuliza.

Niliona haya, nikasema nimeona. Tangu siku hiyo kila harusi na kila baraza alikisimulia kisa kile, na kila mara alimalizia kwa kuninyooshea kidole: "Muulizeni huyu." Nami nikashuhudia, nikijiona mtu mwema kwa kumhifadhia heshima yake.

Kwenye azaa, kikao cha kumwombolezea, baada ya kahawa, mwanawe, anayefanya kazi ofisi moja Qurum, alinivuta pembeni na kunipa kisanduku cha bati. "Ami, baba kasema hiki apewe shahidi."

Nikafungua. Nyoya lilikuwamo, na kwenye ndoana, kimekauka na kukakamaa, kipande changu cha ngisi. Hakukitoa. Miaka yote ile alijua, akanitazama usoni nikiapa mbele za watu, na akafurahia.

"Ndilo lenyewe?" kijana akauliza. "Alimpata bila chambo?"

"Niliona kwa macho yangu," nikasema, na mara hii sikujiona mwema hata kidogo.

Nilichojifunza ni kwamba mtetezi wa asili hahitaji samaki, anahitaji mwongo mmoja wa kuaminika. Mnaweza kuniuliza kwa nini basi naianika siri ya maiti gazetini. Sina wasiwasi. Mwanawe, kama wanangu, Kiswahili anakisema tu, kukisoma hawezi. Hatukuwafundisha, tulikuwa tumeshughulika na manyoya na nazi.