Herufi ya Babu

Siku hizi mtu akikohoa nyumbani kwetu tunasema tu anakohoa. Shangazi alipokuwa bado anakaa nasi angesema, "Huyo J." Alifanya kazi chumba cha kumbukumbu hospitalini. Kila ugonjwa alioandika daktari, yeye aliupa msimbo wake, herufi na tarakimu, na usemi ule akarudi nao nyumbani. Mafua J, kuharisha A, vidonda vya tumbo K. Mimi niliyeona haya hata kuomba ruhusa ya chooni darasani niliupenda mno.

Babu alipoanza kuona damu chooni, alimwambia Shangazi peke yake. Sisi tukaambiwa K, basi.

Wakaja madaktari wageni na kipimo cha kamera ya kuangalia utumbo mpana. Babu akapata nafasi siku yao ya mwisho. Siku moja kabla asile kitu, anywe jagi zima la dawa ya kusafisha tumbo. Shangazi akaniachia jagi, akenda kazini.

Adhuhuri nikalikuta limejaa vilevile.

"Babu, hujanywa?"

"Ntakunywa magharibi. Si wamesema nisile? Basi mie nshanuia, nimefunga."

Uso uliniwaka. Nikasema huku nikitazama mkeka, kwamba tumbo lisipokuwa safi kamera haioni kitu, na wageni wataondoka, na damu itabaki.

Akasema, "Kumbe unajua kusema wewe! Haya, sunna hii, ntafunga siku nyengine." Akapiga bismillahi. "Ah! Futari gani hii, kama nimemeza bahari!"

Alasiri nzima alikuwa akikimbilia uani kashika shuka, na Bibi akimcheka, "Mume wangu leo kijana!"

Kamera ilikuta vinyama vimeota ndani ya utumbo. Vikakatwa, vikapelekwa Unguja kupimwa. Shangazi alituambia waziwazi: ikija C ni saratani, ikija D ni vinyama tu, vimeshatoka.

Tukawa tunangoja. Kila jioni Shangazi alivua viatu mlangoni polepole, na Bibi akajua hakuna jibu. Hata kumuuliza hakumuuliza.

Siku moja hakuvua. Aliingia na viatu vyake mpaka katikati ya mkeka.

"D, Baba! D!"

Bibi, ambaye chembe ya mchanga ndani humtia wazimu, hata hakuvitazama viatu. Alikaa chini akalia. Babu akauliza kama chai iko tayari.

Sasa Shangazi ameolewa, yuko Wete, na mkeka wetu ni safi kila siku. Babu alitakiwa arudi kuangaliwa tena kwa kamera, na zamu yake ni kesho. Asubuhi nilimwambia hiyo ni Z, ya mtu anayekwenda kuangaliwa tu.

"Z," akasema, kama anaionja. "Angekuwepo shangazi yako angeisema vizuri zaidi. Haya, lete jagi. Leo sikunuia."