Bibi Asiyejua Kiswahili

Nawaeleza nyie, maana kazini wote wameshajua. Nahudumia kwenye makao ya wazee huku Nyegezi, na juzijuzi tulimpokea bibi mmoja wa Kihaya. Siku hiyo nilikuwa nimeunganisha zamu mbili, miguu imevimba. Nikamwinamia na faili langu mkononi: "Unaumwa wapi?" Akanitazama, akamwambia mjukuu wake aliyemleta jambo kwa Kihaya, akageukia ukutani. Nikaandika: Hajui Kiswahili.

Basi nikajitwisha mzigo. Nilichora kikombe cha uji, kidonge na choo kwenye vipande vya boksi, nikawa namwonyesha asubuhi na jioni. Nilijishika tumbo nikiguna kama ng'ombe anayezaa, ili nijue kama lake linauma. Yeye anageukia ukutani, na uji unarudi jikoni kama ulivyokwenda. Nikaanza kuogopa atatufia mikononi.

Jana msimamizi alikuja kuziona hizo picha, akanisifu. Nikiwa nimeinua ya choo, dada mpya wa usafi akaingia, akaweka ndoo chini, akakunja goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," bibi akajibu, Kiswahili kimenyooka. "Hujambo? Hebu niletee uji ukiwa bado wa moto. Halafu niulizie huyu mwenzako anayeguna, kwao wazee hawaamkiwi? Wiki tatu ananionyesha choo, shikamoo yake sijaisikia."