Pale Kanda Inaporuka

Katika chumba chetu cha pasi kuna sheria moja ambayo msimamizi hakuitunga na wala hathubutu kuifuta. Kila siku mtu mmoja anashika zamu ya muziki. Unaunganisha simu yako na ile spika ndogo iliyo juu ya rafu, unapiga wimbo unaoupenda kuliko zote, kisha unatueleza ulikuwa wapi ulipousikia, ulikuwa na nani, na kwa nini haujakutoka moyoni. Sisi ni wanawake tunaonyoosha mashuka na foronya za mahoteli kutwa nzima, mvuke ukitupiga usoni. Bila hadithi za wenzetu tungechakaa kabla ya mashuka yenyewe.

Mimi wananiita Kasuku. Wimbo nikiusikia mara mbili nimeshaushika wote, pamoja na kikohozi cha mwimbaji kama kimo. Na mdomo wangu hauna breki, hilo silikatai.

Ninayetaka kumsimulia ni mwenzetu wa meza ya mwisho, karibu na mlango wa nyuma. Alikuja kazini miaka mingi iliyopita akiwa na mfuko mmoja, na tangu siku hiyo hakuwahi kupiga wimbo hata mmoja. Zamu yake ikifika, anasema, "Zamu ijayo." Hivyo hivyo mwaka ukaisha, na mwingine ukaisha, mpaka jina likamganda: Bi Zamu Ijayo. Niliwahi kumtania kwamba mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba yeye hatafuti mtoto, anatafuta pasi yenye joto, nami nikae kimya. Tulicheka wote, naye akacheka kidogo.

Lakini nilikuwa namwona. Kiti chake alikigeuza ili auangalie mlango. Mwanamume akipita barabarani akipiga mluzi, Bi Zamu Ijayo aliacha kupumua mpaka mluzi ule upite. Nilidhani ni maringo ya mtu asiyependa kelele.

Kisha akaja Bi Harusi. Tulimpa jina hilo kwa sababu aliletwa kazini na mumewe ndoa ikiwa bado mbichi, na kila jioni mume huyo huyo alikuja kumsubiri getini. Mwanamume nadhifu, shati limenyooka, kila mmoja wetu anamwita shemeji. Tulimsifu sana. Wengine tulikwenda nyumbani tukawanunia waume zetu bila kosa lolote.

Zamu ya kwanza ya Bi Harusi ilipofika, alitupigia wimbo aliourekodi kwa simu, mumewe asijue, kutoka kwenye kanda yake ya zamani. Ni mwanamume anayemsihi mkewe arudi nyumbani, gitaa likilia nyuma yake. Bi Harusi akaeleza kwamba mumewe anaupenda wimbo ule kuliko chakula. Akirudi nyumbani anauongeza sauti mpaka vyombo vinatikisika kabatini, na majirani wanawatania kwamba kwao ni harusi kila siku. Alicheka aliposema hivyo, nasi tukacheka. Katikati ya wimbo kanda inaruka, maneno yanakatika, na mwimbaji anasema, "Mlango sijaufunga, taa hadi ukija." Tuliuchukua mstari huo kuwa wa utani. Mtu akichelewa kazini tunamwimbia: taa hadi ukija.

Siku hiyo hiyo tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Bi Zamu Ijayo alikuwa amesimama, pasi imelala juu ya shuka, moshi unapanda, na yeye anaitazama ile spika. Hakuwahi kuunguza hata leso.

Tangu hapo, kila Bi Harusi aliposhika zamu, Bi Zamu Ijayo alikimbilia stoo akidai anapanga foronya, na jioni alitokea mlango wa nyuma. Alianza kukonda. Mimi nilisema ni wivu wa ujana wa mwenzake, na wengine wakaniitikia.

Wakati huo Bi Harusi naye akaanza kuvaa mikono mirefu. Ndani ya chumba cha pasi, ambamo hata ukuta unatoa jasho, yeye alisema anasikia baridi. Kicheko chake kilipungua. Tuliona, tukajifanya hatuoni, maana kuingilia ndoa ya watu ni kujitafutia maneno, na getini jioni shemeji alikuwa bado anatuamkia kwa heshima zote.

Siku ya zamu yangu ndiyo mambo yalipogeuka. Bi Harusi alinyanyua mkono kuchukua mashuka rafuni, mkono wa nguo ukashuka, na sote tukauona ule mkono, umevilia damu. Bi Zamu Ijayo akazima pasi yake, akaja mpaka kwangu, akasema, "Kasuku, nipe zamu yako."

Nikampa. Akamwomba Bi Harusi apige wimbo wa mumewe. Aliishika rafu kwa mikono miwili. Mimi niliingiwa na hofu hata kabla sijajua naogopa nini. Wimbo ukaanza, gitaa likalia, naye alisimama kimya akisikiliza mpaka karibu na katikati, kisha akainua kidole.

"Sasa hivi itaruka," alisema, na kanda ikaruka. "Redio ilikuwa imeitafuna. Nikaambiwa niitengeneze hapo hapo, naye amesimama nyuma yangu. Niliikata kwa mkasi wa kucha, mkono unatetemeka, nikakata zaidi ya nilivyotakiwa. Maneno yaliyobaki nje niliyalipia wiki nzima."

Bi Harusi akayaweka chini mashuka aliyoyashika.

"Mume wangu aliniambia kanda hiyo iliungwa na marehemu mke wake."

"Marehemu ndiye mimi."

Wimbo uliendelea kupiga na hakuna aliyekumbuka kuuzima. Bi Zamu Ijayo akamsogelea Bi Harusi, akamuuliza kwa sauti ya chini sana kama mumewe huongeza sauti kwanza au hufunga dirisha kwanza. Bi Harusi akakaa juu ya rundo la mashuka. Akajibu kwamba hufunga dirisha kwanza. Kisha akalia, bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia hivyo.

Ndipo nikaelewa ile harusi ya kila siku waliyoitania majirani: sauti ilipandishwa ili kilio kisisikike. Nikaelewa pia kwamba Bi Zamu Ijayo, kwa kufungua mdomo wake, alikuwa amejifukua mwenyewe kaburini. Maadamu yule mtu alimhesabu amekufa, au aliwaambia watu hivyo, mwenzetu alikuwa salama. Sasa chumba kizima kilijua, na mdomo wa chumba kizima ni mimi.

Hatukupata hata muda wa kupanga. Wimbo haujaisha tukasikia mluzi getini, ukiufuata wimbo ule ule. Siku hiyo shemeji alikuja mapema. Mmoja wetu aliruka akazima spika, na mluzi wa nje ukaendelea peke yake, taratibu, mpaka mwisho wa ubeti.

Bi Harusi alisimama kwenda, kwa mazoea tu. Bi Zamu Ijayo akamshika mkono ule ule ulioumia, kwa uangalifu, akamwambia kuna mama mmoja aliyempokea yeye zamani na atawapokea wote wawili. Gari la mashuka lilikuwa nyuma linapakiwa. Dereva hakuuliza swali. Waliingia kati ya marundo, tukawafunika na mashuka tuliyokuwa tumeyanyoosha wenyewe.

Ikabaki kazi ya kwenda getini. Wote walinitazama mimi. Mwenye maneno ndiye anayetumwa, na siku hiyo niliyachukia maneno yangu.

Nilimkuta amesimama karibu na kibanda cha mlinzi, mikono mfukoni. Nikamwambia mkewe aliumwa kichwa, ameondoka mapema. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitabasamu, akauliza hali yangu na ya watoto.

"Ila nimesikia wimbo wangu humo ndani, shemeji," akasema.

Nikamjibu haraka kwamba leo ilikuwa zamu yangu, na wimbo ule ni wangu tangu usichana, niliuzoea redioni. Akafurahi. Akasema kumbe tunapenda kitu kimoja, basi nimwimbie kidogo.

Nilijiambia kuimba ndiko ninakokujua, na kila ubeti nitakaoimba gari litakuwa limesogea mbali zaidi. Nikaimba. Niliimba vizuri kuliko siku zote. Nyuma ya jengo nikasikia gari likibadilisha gia na kutoka, nami nikapandisha sauti ili asilisikie.

"Mlango sijaufunga, taa hadi ukija."

Tabasamu lake halikubadilika. Alisubiri mpaka nikamaliza mstari.

"Redioni hauruki hapo, shemeji. Aliyeukata hivyo ni mtu mmoja tu," akasema. Kisha akautazama mlango wa chumba chetu, juu ya bega langu, akaniuliza kwa upole kama mtu anayemuulizia ndugu yake: "Kumbe marehemu anafanya kazi hapa?"

Kasuku mzima, sikuwa na neno. Mlinzi alitoka kibandani na rungu lake, akasimama kando yangu, na yule mtu akatuaga vizuri, akavuka barabara.

Hawa wawili hawakurudi kazini. Salamu zilitufikia kwamba wako hai, basi. Meza ya mwisho ipo tupu, na kiti bado kinautazama mlango. Yule mtu tunamwona siku mojamoja ng'ambo ya barabara, shati limenyooka, amesimama tu. Mimi sasa napita njia nyingine kwenda nyumbani. Mume wangu akipiga mluzi bafuni namwomba anyamaze, naye hajui kwa nini.

Jana zamu ya muziki ilinifikia. Wenzangu walinitazama, simu ikiwa mkononi mwangu.

"Zamu ijayo," nikasema.

Hakuna aliyecheka.