Na Wale Wasiorudi?

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mafunzo ya hospitali moja ya mjini, Mkuu wa Mafunzo, mama wa makamo, alinipa ufunguo wa chumba cha mikutano na kuniambia, "Viti uvipange duara. Asikae mtu mbele." Nilikuwa na elimu ya sekondari tu, na nilishafanya kazi bandarini na hotelini. Nikajua mkubwa asiyetaka kukaa mbele ana lake jambo.

Kazi yangu ilikuwa kuihudumia klabu ya majarida. Nyinyi mnaoanza kazi leo mnatumiana makala kwa simu. Sisi tulizitoa kopi. Kila wiki daktari tarajali mmoja, yaani aliyemaliza chuo lakini bado anatibu chini ya uangalizi, aliwaeleza wenzake makala moja ya utafiti. Wao walitakiwa waihoji: wagonjwa gani walichunguzwa, walilinganishwa na nani, nani aligharamia. Mkuu akisema daktari anayeamini kila kilichopigwa chapa ni hatari kuliko asiyesoma.

Aliwafundisha kushuku, nao wakaanza na yeye.

Palikuwa na sharti: shikamoo inaishia mlangoni. Ukishamwamkia mtu shikamoo, utamwambiaje papo hapo kwamba kakosea? Ndani hapakuwa na bingwa wala mwanafunzi. Lakini tarajali wakiingia na kusifu kila makala. Nikipita na birika la chai ya tangawizi, maneno yanakatika. Waliliona sharti lile ni mtego, na mimi ndiye mpeleka habari. Sikuwalaumu. Sahihi ya kumaliza mafunzo ilikuwa mkononi mwa Mkuu, na hata mimi nilijiuliza mama huyu anatafuta nini.

Wiki moja akanipa makala iliyozibwa majina ya waandishi. Ilihusu kliniki ya presha, na namna mpya ya kuwanasihi wagonjwa ambayo, ilidai, iliwapa wengi nafuu. Zamu ilikuwa ya Daktari Mwatumu, binti wa Tumbatu aliyepanga Michenzani, mwenye sauti ndogo. Akaieleza vizuri, kisha akasita.

"Hapa wamehesabiwa waliorudi kliniki tu," alisema. "Na wale wasiorudi?"

"Huenda walipona," alijibu Mkuu.

"Huenda walikufa. Makala haijui, na inajisifu."

Mkuu akavua miwani. "Makala hiyo ni yangu."

Hakuna aliyemaliza chai yake. Mlangoni, mwenzake mmoja alimwambia Mwatumu, "Shoga, ushajitia kitanzi. Sahihi yako kaitafute baharini."

Haukupita muda Mwatumu akapelekwa kituo cha afya karibu na Kendwa, kaskazini ya Unguja. Hakuna aliyeuliza sababu, kila mtu alikuwa nayo. Mimi nilitumwa kumpelekea mashine ya kupimia presha, nikamkuta nyuma ya hoteli moja ya watalii, kwenye mlango wa wafanyakazi, anawapima wapishi na wafagiaji wakati wao wa kupumzika.

Nikamuuliza kama ameadhibiwa.

"Nilidhani hivyo," alisema, huku akimfunga mpishi ukanda wa mashine mkononi. "Kumbe kliniki ya makala ile ni ya huku huku, kanituma niwatafute wasiorudi. Wengine wako hapa, siku ya kliniki hawapewi ruhusa. Wengine nimewauliza jamaa zao, wakanionesha makaburi."

"Sasa unamwamini?"

"Simwamini. Si ndivyo alivyotufundisha? Nnangoja sahihi."

Aliporudi, alisimama katika duara lile akayaeleza aliyoyakuta, pamoja na makaburi. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akaitia sahihi fomu yake pale pale mbele ya wote, kisha akasema, "Haya. Nani mwengine ana swali?" Mikono ikanyanyuka. Mpaka leo sijui kama alimpeleka Kendwa kwa hasira, ikaja ikageuka somo, au alikusudia tangu alipoyaziba majina. Mwatumu naye hajui.

Kazi ile niliiacha kabla ya umri wa kustaafu. Miguu yangu haitulii. Sasa nipo Fumba, nnatunza nyumba za watu walio nje, na chai ya tangawizi ya chumba kile bado naikumbuka.

Juzi nilikutana na kijana wa ofisi yangu ya zamani. Akanieleza kwa fahari kwamba watumishi waliulizwa, na wote wameridhika na kazi.

"Mliwauliza wapi?" nikamuuliza.

"Ofisini," akasema. "Wote waliopo kazini."