Chakula cha Waliohukumiwa

Kazini walimwita Ziraili, naye hakukataa. Mtu aliyetumia miaka yake mizuri kutoa roho za kome kwa vipimo hana pa kuegemea akitaka kulikana jina kama hilo.

Kome wenyewe walikuwa wageni. Walifika ziwani wakiwa wameng'ang'ania matumbo ya mashua, hawakubisha hodi, wakajipenyeza kwenye mabomba ya kampuni ya maji na kuzaana mpaka bomba la kupita mtu likawa la kupita paka. Dawa ya kuwaua ipo. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, huwaua bila mjadala. Mjadala ni kiasi. Ukiweka kidogo, kome hufunga ganda na kusubiri upuuzi upite, kama karani aliyeletewa bosi mpya. Ukizidisha, unaua na samaki, na samaki wana watetezi.

Ndiyo maana maabara tatu zilipewa jaribio moja: kome wa ukubwa mmoja, mrututu wa kopo moja, maji ya joto moja, na mwongozo mmoja wa kufuata, ili zitoe jibu moja. Mbili zilikubaliana. Ya tatu, ya Ziraili, ilisema kome hawafi mpaka wapewe karibu maradufu. Raundi ya pili ikawa yale yale. Raundi ya tatu ndiyo ya mwisho: ikishindikana, majaribio yote yangehamishiwa maabara ya mji wa juu, mojawapo ya zile mbili, pamoja na matangi, pamoja na Ziraili.

Mji wa juu ni safari ya kutwa. Nyumbani alikuwa na mke ambaye kiharusi kilimnyang'anya upande wa kulia na, kwa sababu zake chenyewe, kikamwachia ulimi. Watoto walikuwa mbali na simu zao. Kila asubuhi Ziraili alimwogesha, akamlisha, akamwachia jirani, akaenda kuua. Jioni akarudi kumlisha tena. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha. Ulikuwa ukiamka kabla yake na kumngoja ndani ya viatu.

"Wakikuhamisha," mkewe alimwambia, katikati ya uji, "niachie hicho kijiko karibu. Nitakuwa nakitazama."

Mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Daktari ingawa hakuwahi kumtibu mtu, alikuwa na umri wa binti yake wa pili na macho ya asiyelala vizuri.

"Mzee, hawa kome wako wana nini?"

"Afya, Daktari."

Hakucheka. Aliwapigia simu watu wa mji wa juu, wakamtuma fundi wao aje atazame kila hatua: mama mnene wa kicheko, mwembamba wa subira. Alimfuata Ziraili kama kivuli chenye miwani. Alimtazama akipima mrututu, akisoma kipimajoto, akipanga mitungi ya kioo. Alimtazama akigusa kwa brashi kome walioachama, kwa kuwa kome aliyeachama asipofunga ganda akiguswa, huyo amekwenda.

"Huyu?"

"Marehemu."

"Una hakika, kaka?"

"Nimemgusa mara tatu. Angekuwa hai angenitukana."

"Sisi tunagusa mara mbili tu."

"Nyie mna haraka ya kuzika, dada."

Kosa halikuonekana. Jioni mama huyo aliaga, akafika getini, akakumbuka mwavuli wake. Aliporudi alimkuta Ziraili amekwisha kuvua koti jeupe, ana kopo la maziwa mkononi, anapita mtungi kwa mtungi akinyunyiza kitu cha kijani kwa ncha za vidole, kama mpishi anayetia chumvi.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nafunga ofisi."

"Hicho mkononi."

"Unga wa mwani. Chakula chao."

"Chakula cha nani?"

"Cha hawa."

"Hawa tunaowaua?"

"Si hawajafa bado?"

Mama alianza kucheka, kisha kicheko kikamkwama. Akavuta kigoda akakaa. "Mwani unakunywa shaba, kaka. Unawamalizia sumu kabla haijawafikia."

Ziraili alilijua hilo. Aliwafundisha vijana wengi waliopita hapo. Lakini hilo alilijua kichwani, na mkono haukuwahi kuulizwa. Aliajiriwa kwanza kutunza matangi ya kufugia, ambako kuwalisha kabla ya kuzima taa ilikuwa kazi yenyewe. Alipopandishwa kwenye kuua, mkono uliendelea. Mwongozo nao ulitaja kila kitu, hadi upana wa brashi, isipokuwa kukataza kuwalisha. Hakuna anayemwandikia mnyongaji kwamba asilete chai.

"Nikinyamaza unahamishwa," mama alisema. "Nikisema, watauliza dozi zote zilizomwagwa mabombani, zikaishia ziwani, kwa hesabu zako. Watakufukuza."

Ziraili alifunika kopo. "Sema. Wakinifukuza nitakuwa nyumbani. Wakinihamisha, sitakuwa."

Asubuhi Daktari alisikiliza akiwa amesimama.

"Tangu lini?"

"Kabla hujaja."

"Na tangu nije, hesabu zote nimesaini mimi." Kisha akanyoosha mkono. "Lete hilo kopo. Anza upya. Na jioni, mzee, mikono mfukoni."

Alianza upya. Kila jioni alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akizima taa juu ya kome wenye njaa, akijisikia mkatili kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo. Walikufa kwa utaratibu. Jibu lilitua katikati ya majibu ya zile maabara mbili, kana kwamba lilikuwa na miadi nayo.

Maabara ikabaki. Ziraili akabaki, na onyo la maandishi. Dozi ya mabombani ilishushwa karibu nusu bila tangazo, maana kutangaza kungeamsha swali la ile ya zamani. Mwongozo uliongezwa sentensi moja: kome walio kwenye jaribio wasipewe chakula. Wasomaji wake huenda wakajiuliza ni mpumbavu gani alihitaji kuambiwa hivyo.

Mkewe alipoambiwa alicheka kwa nusu ya uso iliyobaki, mpaka uji ukamwagika kidevuni.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nakungoja na njaa yangu, wewe unawapa wao kwanza?"

"Nilikuwa nafunga ofisi."

"Na walikufa?"

"Walichelewa."

Akamfuta kidevu. Mkewe aliutazama mkono ule, mikunjo yenye kijani isiyotoka kwa sabuni, akaacha kucheka.

"Haya," akasema, akafungua mdomo. "Nami nicheleweshe."